Fimbo za Saa Tatu

Kitendawili! Haya, itikieni. Aliingia kwa miguu yake, akaandikwa jina. Hakutoka, hakufutwa, na ukimtafuta ndani hayumo.

Chumvi kwenye maji? Siyo, chumvi haiandikwi jina. Usingizi machoni? Hapo mnabahatisha tu. Basi nipeni mji. Mmenipa? Ahsanteni, ni mji mzuri, una maji. Jibu ni babu yake Fundi, baba mzazi wa mama yake, na habari zake ndizo hizi.

Jumatatu moja, saa tatu kasorobo asubuhi, Fundi, mwanamke mshona nguo wa mtaani, aliondoa majora ya kitambaa juu ya meza ya kukatia, akapangusa vumbi la chaki, akatandika shuka kuukuu lililokunjwa mara nne. Mama yake alitoka chumba cha nyuma akishikilia ukuta, akainama, akalaza kifua juu ya meza, miguu chini, mikono imekamata ukingo wa mbele. Fundi akamfungua vifungo. Blauzi za mama yake alizishona mwenyewe kwa namna hiyo: sehemu ya mgongoni ilikuwa kipande cha peke yake, kimeshikwa kwa vifungo mabegani na ubavuni. Kikichafuka kinavuliwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi, blauzi yenyewe inabaki safi. Mama alikuwa na migongo kumi na miwili ya akiba, imekunjwa kabatini pamoja na foronya.

Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja suruali yake ipunguzwe kiuno. Alitazama saa.

"Bado dakika mbili," alisema.

"Saa yako inakimbia, mwalimu," mama alimjibu, shavu limelala mezani. "Bado tatu."

Aliyekuwa sahihi ni mama. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Saa Tatu, na watu wazima walirekebisha saa zao kwake. Fimbo ya kwanza ilitua palepale ilipozoea kutua, chini ya bega la kushoto. Haikuonekana fimbo wala mkono wa kuishika. Ulisikika mvumo, kisha mlio, kisha ngozi ikainuka mstari mwekundu na kupasuka katikati. Ya pili. Ya tatu. Mwalimu alisogeza gazeti lake lisirukiwe na damu. Ilipotua ya sita, Fundi alichovya pamba kwenye spiriti.

Ikatua ya saba.

Mama aliinua kichwa. Kwa miaka sitini na saba, kila siku ya kazi, zilitua sita. Jumamosi na Jumapili hakuna, na siku bwana jela anapokula sikukuu hakuna. Aliposwa kwa hizo sita, akaolewa kwa hizo sita, akazaa watoto wawili kwa hizo sita, wote jioni, kwa sababu alikuwa mtu wa mpangilio. Fimbo ya saba hakuwahi kuionja.

"Wamekosea hesabu," alisema.

Ikatua ya nane, na nyingine juu yake. Zilipofika kumi na mbili, zikakoma.

"Hawakukosea," alisema mwalimu. "Wamezidisha mara mbili."

"Na wewe ukishaona watu wazima wanapigwa unapata hamu ya kufundisha," mama alimwambia, kisha akazimia.

Muuguzi wa zahanati alikuja Jumatano na mkoba wake. Kwenye kadi, mahali pa sababu ya jeraha, aliandika: fimbo, kila siku, za urithi. Akausafisha mgongo, akaubonyeza hapa na pale, akamwita Fundi nje kwenye baraza.

"Zikiwa sita," alisema, "ngozi inajishona kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu. Wewe mwenyewe ni fundi, unajua. Zikiwa kumi na mbili hakuna pa kushika uzi. Mgongo huu nimeupa wiki tatu. Baada ya hapo nitakuwa nasafisha mifupa, na baada ya mifupa hutaniita tena."

"Nifanye nini, dada?"

"Anayepigwa ni nani hasa?"

"Babu. Baba yake mama. Alifungwa mama akiwa mdogo."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Mia na kumi na kitu."

Muuguzi alifunga mkoba. "Na bado wanampiga?"

Mama alijibu kutoka ndani, maana masikio yake hayakuwa na kidonda. "Maiti haipigwi! Maadamu zinakuja, yu hai!"

"Basi mkamtoe," muuguzi alisema. "Mtu wa umri huo hata msamaha hapewi, anasahauliwa tu. Kamtoeni."

Hivyo ndivyo Fundi, aliyekuwa na miaka hamsini na miwili na hajawahi kuingia ofisi yoyote ila kupeleka mapazia, alivyofunga cherehani yake siku hiyo na kwenda mahakamani.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha juu sana, na majalada yamepangwa hadi darini. Karani wake alikuwa amevaa soksi mikononi, zimekatwa vidole, ili wino usichafue vikofi, zile ncha za mikono ya shati. Fundi alivipenda vikofi vile. Vilikuwa vimepigwa pindo mbili. Karani alisikiliza mpaka mwisho pasipo kumkatiza, akapanda ngazi, akashuka na jitabu kubwa kama mlango wa kabati.

"Huyu hapa," alisema, akisoma na kidole. "Kosa, kujeruhi. Miaka saba, kazi ngumu, na fimbo sita kila siku ya kazi, hadi mlalamikaji aridhike. Ndugu wa karibu, binti yake." Akafunua kurasa za mbele, akafunua tena. "Kutoka, hakuna. Kufa, hakuna. Kuhamishwa, hakuna. Ameingia gerezani, basi. Kwetu sisi bado anaingia."

"Lakini miaka saba ilikwisha zamani."

"Miaka ilikwisha. Fimbo hazina mwaka, dada yangu, hebu soma."

"Na kwa nini zinatua kwa mama?"

"Adhabu ikishaandikwa ni lazima impate mtu. Asipopatikana mwenyewe, huenda kwa ndugu aliyeandikwa. Ni kama barua." Karani alipuliza vumbi. "Msijione wa peke yenu. Nina mzee mmoja nyuma ya soko anatumikia kifungo cha mjomba wake. Akiingia chooni tu, mlango unafungwa kwa nje kwa muda wa saa sita nzima. Wamemwekea kiti humo, na redio."

Fundi aliinamia kitabu. Kwenye nafasi ya mlalamikaji hapakuwa na jina, ila alama ya dole gumba iliyofifia.

"Alimjeruhi nani?"

"Dole halina jina," karani alisema. "Kaulize nyumbani."

Akauliza nyumbani. Mama alikuwa amekaa upande upande kwenye kiti kisicho na mgongo, anatunga nyuzi kwenye sindano ishirini ili mwanawe azikute tayari.

"Mama, babu alimjeruhi nani?"

"Watu wa zamani walikuwa na mikono miepesi, mwanangu."

"Nakuuliza nani."

"Shona suruali ya mwalimu. Mtu mzima anatembea na kamba kiunoni kama jogoo wa kuuzwa, wewe unaniuliza habari za kale."

Asubuhi iliyofuata zikatua kumi na mbili, na mama hakuwa tena na mahali pa kuziweka. Mbili zilitua juu ya kidonda cha jana, zikaingia ndani. Fundi alimfunga mgongo safi, akaenda gerezani na mikono bado inanuka spiriti.

Bwana jela alimkaribisha vizuri. Alikuwa mtu mnene mwenye ufunguo shingoni, na ukutani kwake palikuwa na ubao mmoja tu, wenye namba moja tu: mia mbili.

"Gereza hili halijawahi kupungukiwa mtu," alimwambia Fundi. "Asubuhi mia mbili, jioni mia mbili, tangu lilipojengwa. Jina hilo unalosema silijui, sisi hatuna majina, lakini karani wako amekuandikia namba. Sabini na mbili." Akatazama karatasi ya siku. "Yupo. Amehesabiwa asubuhi."

"Yupo hai?"

"Kahesabiwa, mama. Unataka nini tena? Na leo Alhamisi, siku ya wageni. Kaa hapo."

Fundi aliketi kwenye benchi la uani, mkoba magotini, akifikiria mtu wa miaka mia na kumi ataletwa na nini, machela au toroli. Akaletwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, pengo mbele, anatembea kwa maringo kidogo. Mgongoni na kifuani pa shati lake paliandikwa sabini na mbili.

Fundi alisimama. "Shikamoo, babu," alisema, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyosema.

"Marahaba, mjukuu wangu," yule mtu alijibu. "Umekua!" Akacheka mpaka pengo likaonekana lote. Kisha akaona mwenzake hacheki, akaketi. Alikuwa fundi baiskeli, alisema, na amefungwa miezi minane kwa kutengeneza baiskeli ambayo mwenyewe hakuwa yule aliyeileta.

Lakini Fundi alikuwa akitazama shati. Lilikuwa la kitambaa kinene cha marekani cha zamani, limeshonwa kwa mkono, nyuzi zimepakwa nta. Akaomba kuligusa. Pindo lilikuwa zima. Mgongoni kitambaa kilikuwa kimelika hadi kubaki kama chandarua, na ndani ya chandarua hicho ngozi ya fundi baiskeli ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

"Hupigwi?"

"Napigwa kila siku saa tatu! Hili ni shati la bahati, dada. Ukilivaa wakupige wanavyotaka, husikii kitu. Watu wanauana kwa ajili yake. Aliyelivaa kabla yangu alichomwa kijiko cha shingo, na aliyemchoma akachomwa kabla hajalivaa. Mimi nilipewa kwa sababu nilikuwa nimelala." Akashusha sauti. "Sasa kuna askari mpya. Ananipiga, mimi napiga mluzi. Anaongeza, namwongezea wimbo. Tangu Jumatatu tumefika kumi na mbili, nami nimemaliza nyimbo zote ninazozijua."

"Zinatua kwa mama yangu," Fundi alisema.

Fundi baiskeli alipeleka mkono mgongoni pa shati.

"Zote?"

"Zote. Ana miaka sabini na tisa."

Yule mtu alitoka kwenye benchi akaketi chini kwenye vumbi, kama mtu aliyekatwa miguu. Hakuuliza inawezekanaje. Aliuliza kama mama alipigwa hata Jumanne, siku aliyorudia wimbo mrefu, na Fundi akasema ndiyo.

"Livue," Fundi alimwambia.

"Nikilivua atalivaa mwingine. Sabini na mbili lazima awepo." Akafuta uso kwa mkono. "Sikiliza. Yule askari anataka kilio tu. Kesho nitalia. Nitalia kama mtoto aliyechomwa na maji ya moto, mpaka waone haya. Mwambie mama avumilie mpaka kesho."

Wakati anatoka, Fundi alipita stoo ya nguo, maana alitaka kujua nani alishona shati lile. Mtunza stoo alikuwa mzee ambaye umri wake ulikuwa umeshapita wa kustaafu mara mbili. Alikuwa akikunja masuruali, na aliyakunja vizuri.

"Yule babu yangu," Fundi alisema, "wa kwanza kulivaa lile shati. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyeshika miguu."

Akaendelea kukunja.

"Mwaka wake wa tatu, siku ya Jumanne, alikataa kulala chini. Alisema amechoka kula vumbi, leo atazipokea amesimama. Bwana jela wa wakati ule akasema sawa, kama anapenda kusimama asimame mpaka kengele ya saa sita. Tulianza saa tatu. Tulikuwa watu sita, tukapokezana. Viboko vinne vilivunjika, tukamaliza na mpini wa jembe. Alikufa kama saa nne na nusu, lakini hatukujua, maana alikuwa bado amesimama, na hata tungejua, amri ilikuwa mpaka saa sita. Kengele ilipolia tukaacha. Ndipo akaanguka."

"Mkaandika?"

"Jioni tukahesabu, mia moja tisini na tisa. Bwana jela akasema haendi mtu nyumbani mpaka zitimie mia mbili. Wakati huo kulikuwa na mtu ameleta kuni mlango wa jikoni. Tukamwita kama tunamlipa. Alipigana sana, yule bwana. Alimng'oa mwenzangu sikio kwa meno. Tukamvunja taya, tukamvika shati, lilikuwa bado bichi kwa damu, akahesabiwa. Akatumikia ile miaka minne iliyobaki, na alipotoka akaingia mwingine." Mzee alisawazisha kona ya suruali. "Alikuwa na punda. Punda alingoja getini siku mbili na kuni zake mgongoni."

"Nakuuliza mkaandika?"

"Tungeandika nini, binti yangu? Hesabu ilitimia."

Fundi aliuliza babu amezikwa wapi. Mzee akasema nyuma ya jiko, palipokuwa laini. Sasa pana tangi la maji.

Nyumbani mama alizipokea habari hizo akiwa amelala ubavu. Hakulia. Alihesabu tu kwa vidole, kutoka mwaka wa tatu hadi sasa, akaona kweli, fimbo zilianza kumjia Jumatano iliyofuata, akiwa na miaka kumi na miwili, akifagia uwanja.

"Kumbe alisimama," alisema.

"Mama, alimjeruhi nani?"

"Kumbe alisimama," mama alisema tena, akageukia ukuta.

Ijumaa zilitua kumi na nane.

Baada ya ile ya kumi Fundi alimlalia mama yake, kifua juu ya mgongo. Fimbo zilimpita. Alizisikia zikipenya kama mtu anavyosikia upepo unapita kwenye nguo iliyoanikwa, zikatua chini yake, na gauni lake halikujikunja hata mkunjo mmoja. Ya kumi na nne ilivunja ubavu wa kulia wa mama. Ulilia kama rula ya mbao. Mama alikuwa ameuma shuka, na mikunjo yote minne ilitoboka. Zilipokwisha, damu ilikuwa imeshuka miguu ya meza, ikazunguka pedali ya cherehani, ikatoka nje kizingitini, na mteja aliyekuwa anaingia akaivuka kwa adabu na kusema atarudi mchana.

Jumamosi na Jumapili mgongo haukujishona. Muuguzi alisema wiki tatu zile azifute, sasa ahesabu siku. Jumatatu zikatua kumi na nane nyingine. Mchana Fundi alikuwa mbele ya meza ya bwana jela.

"Analia vizuri sana sasa, Sabini na Mbili," bwana jela alimwambia. "Askari wa mabweni mengine wanakuja kumsikiliza. Yule kijana mpya nimempa sifa kwenye gwaride, nikamruhusu kumi na nane. Dawa inayofanya kazi huongezwa."

"Alipopiga mluzi mliongeza."

"Dawa isiyofanya kazi nayo huongezwa."

"Babu yangu alikufa," Fundi alisema. "Mtunza stoo wako alishika miguu. Andikeni amekufa, mfunge mstari."

Bwana jela alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa na mama yeye pia. "Nitaandikaje amekufa mtu niliyemhesabu leo asubuhi? Unataka nidanganye daftari?" Akafungua droo, akapekua, akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Lakini kuna njia, na ni halali. Hukumu inasema hadi mlalamikaji aridhike. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuitumia. Mlalamikaji anatia dole hapa, anasema imetosha, mimi napiga muhuri, na fimbo zinakoma siku hiyohiyo. Zote, za hakimu na za nidhamu. Hata aje saa tatu kasoro dakika moja."

Fundi aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Kama amekufa?"

"Mrithi wake atatia. Mtoto, mjukuu, yeyote wa kwake. Sharti ni moja tu." Bwana jela aligonga mstari wa chini kwa ufunguo. "Mwenye kutia dole asiwe ndugu wa mfungwa. Ndugu hawafai. Ndugu husamehe ovyo. Tungewasikiliza, hapa ningekuwa nahesabu popo."

Fundi alirudi nyumbani karibu anakimbia. Njiani aliwaza kazi iliyobaki, na aliiona nyepesi: kumjua huyo mtu aliyejeruhiwa, kwenda kwa watoto wake, kupiga magoti, kushonea ukoo mzima nguo maisha yake yote kama ndivyo watakavyo. Jina tu ndilo lililokosekana, na mwenye jina hilo alikuwa mmoja. Lakini mama alikuwa na homa jioni ile, akizungumza na watu waliokwisha kufa, na hao ndio waliokuwa wakimjibu, kwa hiyo Fundi hakutaka kuwakatiza.

Jumanne saa tatu kasorobo aliondoa majora, akatandika shuka jipya. Muuguzi alikuwa amefika mapema na beseni. Walimbeba mama kutoka kitandani, maana hakuweza tena kutembea, wakamlaza kifua mezani. Homa ilikuwa imeshuka; macho yalikuwa yake.

"Mama, sikiliza," Fundi alisema. Akamsomea karatasi yote, toka juu hadi kwenye nafasi ya dole. Wino aliuleta, ameuweka kwenye kifuniko cha kopo la vifungo.

"Hapo pa ndugu," mama alisema. "Soma tena."

"Mwenye kutia dole asiwe ndugu wa mfungwa."

"Tena."

Fundi akasoma tena. Mama alicheka kidogo, kwa pua, kwa sababu ubavu haukumruhusu zaidi ya hapo.

"Watu wameandika wakaandika," alisema.

"Mama, nakuomba. Ni nani? Nitamtafuta leo hiihii. Hata kama ni wajukuu zake, hata wawe wapi. Alimjeruhi nani?"

Mama alifungua kinywa, na ikagonga saa tatu.

Muuguzi alihesabu kwa sauti, kama wanavyohesabu matone ya dawa. Ya tano ilirusha kipande cha ngozi hadi kwenye kioo cha wateja. Ya tisa ilitua shingoni, mahali pasipokuwa pake, maana huko gerezani yule askari alikuwa amekwisha kuchoka kupiga mahali pamoja. Ya kumi na mbili ikavunja ubavu wa pili. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, uso kwa uso na mama yake, amemshika mikono, na kila baada ya fimbo aliuliza neno lile lile, nani, nani, na mama alimtazama tu, meno yamekutana. Kumi na saba. Kumi na nane.

Zikakoma. Mtaani mtu mmoja alirekebisha saa yake.

Muuguzi aliweka sikio karibu na mdomo wa mama, akasema bado anapumua. Alianza kubandika pamba, na pamba zikalowa kabla hazijashika. Mama aliomba maji, akanywa mafunda mawili, la tatu likarudi na damu.

"Bibi yako aliniapisha," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila neno lilikuwa zima. "Alisema mtoto hamfungi baba yake. Ukiulizwa, sema ni mtu wa mbali, ukoo mwingine. Nikaapa. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe kituoni kwa miguu, mkono umevunjika, nimeubeba kwa huu mwingine kama mzigo wa mtu."

Fundi aliitazama karatasi, akauangalia mstari wa chini, akamtazama mama yake.

"Alimjeruhi nani, mama?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia aliyokwisha kuijua.

"Mimi," mama alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilitaka tu wamwambie aache."